Nyundo na Biblia Juu ya Njia ya Stevenson

Mji wa Tunduma wajulikana leo kwa malori na forodha. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika pale ikauvuka mpaka na kuingia Nakonde katika nchi ya Zambia, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976, hupita papo hapo. Msafiri angojaye zamu yake katika msururu aweza kudhani kwamba mpaka ndio uliozaa njia. Historia yaonyesha kinyume chake, maana njia ilitangulia, na mpaka ukaifuata.

Mwaka 1881 tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, aliahidi pauni 3,000 ili ichongwe njia kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Wamisionari walikuwa na vituo katika maziwa yote mawili, na wafanyabiashara walitaka meli na bidhaa zifike huko bila kutegemea misafara ya pwani. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yalipougawa uwanda huo, mpaka uliufuata Mto Songwe, na Njia ya Stevenson ikaachwa upande wa Waingereza. Wanyiha wengi wakajikuta chini ya Wajerumani. Wanyamwanga wakakatwa pande mbili. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, hata leo una ukingo uliochorwa kwa ajili ya njia hiyo.

Lakini njia haipitishi vitambaa na pembe za ndovu peke yake. Wageni waliopanda uwanda ule katika miaka ya mwanzo walitoka katika nchi iliyokuwa imo katika ugomvi mkubwa wa fikira, ugomvi wa elimu na dini, nao waliuchukua ugomvi huo pamoja na mizigo yao. Yafaa kuuliza ulikuwa ugomvi gani, uliwafanya waone nini katika nchi ile, na ulishindwa kuwaonyesha nini.

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka 1837 hadi mwaka 1901. Mwanzoni mwa utawala wake watu wengi wa nchi hiyo waliamini kwamba dunia ina umri wa miaka elfu chache, na kwamba kila aina ya kiumbe iliumbwa peke yake kama ionekanavyo. Imani hiyo ilianza kutikiswa na elimu ya miamba. Charles Lyell, katika vitabu alivyovitoa kati ya mwaka 1830 na 1833, alieleza kwamba milima na mabonde yamefanyika polepole, kwa mvua, mito, mitetemeko na volkeno zile zile zinazoonekana sasa, katika muda usiokadirika kwa urahisi. Mwaka 1859 Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe, akaonyesha jinsi viumbe viwezavyo kugeuka kizazi baada ya kizazi kwa kuchujwa na mazingira yao. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Oxford, Askofu Samuel Wilberforce na Thomas Huxley walikabiliana hadharani juu ya jambo hilo.

Huxley na wenzake walisimama juu ya kanuni moja: mambo ya maumbile yaelezwe kwa sababu zilizomo katika maumbile. Mtu akiuliza kwa nini mvua inyesha, au kwa nini samaki wa mawe aonekana juu ya mlima, jibu litafutwe kwa kuangalia, kupima na kujaribu, wala lisikatizwe kwa kutaja muujiza. Hawakudai wote kwamba Mungu hayupo. Mwaka 1869 Huxley alibuni neno agnostiki, yaani mtu akiriye kwamba hana ujuzi juu ya mambo yasiyoweza kuthibitishwa. Mwaka 1874 John Tyndall alisimama Belfast mbele ya chama cha wataalamu, akadai kwamba habari zote za asili ya ulimwengu ni milki ya elimu na wala si ya wanateolojia. Makanisa yalitetemeka kwa maneno hayo, nayo magazeti yakayapeleka katika kila nyumba ya wasomaji.

Shaka halikubaki nje ya mlango wa kanisa, na yatakiwa kukumbukwa kwamba moja katika mishtuko mikubwa ilitoka Afrika. John William Colenso, askofu wa Natal, alikuwa akitafsiri Biblia katika Kizulu akisaidiwa na William Ngidi. Walipofika katika habari za Gharika, Ngidi alimwuliza kama kweli wanyama wote, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikwenda wawili wawili wakaingia katika safina. Colenso alikuwa amekwisha kusoma elimu ya miamba, na dhamiri yake haikumruhusu kujibu ndiyo. Alikwenda akachunguza hesabu na masimulizi ya vitabu vya Musa, na kuanzia mwaka 1862 akatoa matokeo yake kwa chapa. Mwaka 1863 alihukumiwa na askofu mkuu wa Cape Town kwamba amepotoka, ingawa hukumu hiyo ilitanguliwa London mwaka 1865. Wapinzani wake walimcheka kwamba alikwenda kumwongoa Mzulu, na Mzulu akamwongoa yeye. Walidhani wamemtukana. Kumbe walikuwa wameshuhudia jambo la heshima: mwalimu aliyeulizwa swali na mwanafunzi wake, asilifunike.

Kanisa Huru la Scotland, ambalo ndilo lililoanzisha misheni ya Livingstonia katika Ziwa Nyasa mwaka 1875, lilikuwa na kesi yake pia. William Robertson Smith, mwalimu wa Kiebrania katika chuo cha Aberdeen, aliandika kwamba vitabu vya kwanza vya Biblia vilikusanywa kwa nyakati mbalimbali, akashtakiwa kwa miaka kadhaa, na mwezi wa Mei 1881 akaondolewa katika kiti chake. Huo ndio mwaka wa ahadi ya Stevenson. Kanisa lile lile lililomfukuza mwalimu kwa kuichunguza Biblia lilikuwa likitafuta njia ya kuipeleka Biblia hiyo katika uwanda wa Nyasa na Tanganyika.

Watu wawili wenye nyundo za kupasulia mawe walipita huko katika miaka ile. Wa kwanza alikuwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, aliyesoma Edinburgh chini ya Archibald Geikie, bingwa wa elimu ya miamba, na kumsikiliza Huxley pia. Mkuu wa msafara wao, Keith Johnston, alifariki Behobeho karibu na Rufiji mwezi wa Juni 1879. Thomson akaushika uongozi, akafika Ziwa Nyasa, akaupanda uwanda na kutokea Tanganyika kabla ya mwaka huo kwisha. Aliyeyashika mambo ya wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani, akabatizwa Bombay mwaka 1865, kisha akawa mmoja wa watu walioichukua maiti ya Livingstone hadi pwani. Thomson aliyasoma mawe; Chuma aliwasoma watu. Bila masomo ya Chuma, masomo ya Thomson yasingalifika popote.

Wa pili, na ndiye ambaye ugomvi wa zama zake ulikaa ndani ya kifua chake, alikuwa Henry Drummond. Alizaliwa Stirling mwaka 1851. Alikuwa mhubiri aliyefuatana na Mmarekani Moody katika mikutano mikubwa ya uamsho, na papo hapo alikuwa mwalimu wa sayansi katika chuo cha Kanisa Huru mjini Glasgow tangu mwaka 1877. Yeye naye alikuwa mwanafunzi wa Geikie, na mwaka 1879 walisafiri pamoja katika milima ya magharibi ya Marekani. Siku za kazi aliwafundisha wanafunzi elimu ya maumbile. Jumapili aliwahubiria wafanyakazi Injili. Kwa muda alizitenga kazi hizo mbili kama vyumba viwili, hata ukuta wa katikati ukaanza kubomoka.

Mwaka 1883 alitoa kitabu juu ya sheria za maumbile katika ulimwengu wa roho. Hoja yake ilikuwa ya ushujaa. Wataalamu walikuwa wamethibitisha kwamba uhai hautoki katika kitu kisicho hai. Huxley na Tyndall, ambao waumini waliwahofu, walikuwa miongoni mwa waliolitetea jambo hilo. Drummond aliishika silaha yao akaigeuzia upande wake: kama mwili hauwezi kujipa uhai, basi na roho haiwezi kujipa uhai wa kiroho, bali hupewa na aliye nao. Kwa maneno mengine, hakuwaomba wataalamu waache kanuni zao. Alisema kanuni hizo zaendelea hata mahali ambapo wao walikoma.

Kitabu kilipotoka, mwandishi alikuwa njiani kuja Afrika. Kampuni ya Maziwa ilimtuma achunguze miamba ya nchi, naye akapanda kwa Zambezi na Shire, akavuka Ziwa Nyasa, akaifuata Njia ya Stevenson juu ya uwanda. Kwa miezi hakupata barua wala gazeti. Usiku mmoja, saa saba hivi, kambi iliamshwa na wajumbe watatu waliotumwa kutoka kaskazini mwa ziwa, wakichukua bahasha chache ndani ya ngozi ya mnyama wa porini. Aliwasha taa hemani akasoma. Ndani yake mlikuwamo gazeti la London lenye sifa za kitabu chake. Alikuwa mtu mashuhuri, wala hakuwa na habari. Kitabu kile kiliuzwa makumi ya maelfu, kwa kuwa Uingereza ilijaa watu waliotaka kuambiwa kwamba wanaweza kuwa na akili na imani kwa pamoja.

Mambo aliyoyaona Drummond katika nchi za Nyasa aliyaandika katika kitabu cha mwaka 1888. Katika mto mmoja wa upande wa magharibi wa ziwa alipata mawe yenye alama za samaki wa kale. Aliwatazama mchwa kwa bidii ya ajabu. Darwin alikuwa ametoa kitabu mwaka 1881 kuonyesha jinsi minyoo inavyoulima udongo wa Ulaya. Drummond akasema kwamba katika nchi za joto, ambako ardhi hukauka ikawa ngumu kama tofali, mchwa ndiye mkulima wa maumbile, apandishaye udongo wa chini hadi juu ya miti ili mvua iusambaze. Hoja hiyo ni nzuri. Lakini wakulima wengi wa nchi za miombo hawakuhitaji kuambiwa kwamba udongo wa kichuguu hustawisha mazao.

Kuliko mawe na mchwa, kilichomgusa zaidi ni mtu. Katika msafara wake mlikuwamo vijana wa misheni ya Bandawe, na mmoja wao amwandika kwa jina la Moolu. Usiku wa kwanza wa kambi Drummond alisikia sauti za chini. Akachungulia nje ya hema, akaona katika mwangaza wa mwezi kikundi cha watu waliopiga magoti, na Moolu katikati yao akiongoza sala. Jambo hilo likarudiwa kila usiku, hata baada ya mwendo mrefu wa kuchosha. Drummond asema kwamba Moolu hakuwa mtu wa vipaji vikubwa; alitimiza wajibu wake na hakusema uongo, naye angeweza kumwamini kwa kila alichokuwa nacho. Kisha aongeza kwamba moja katika sababu zake za kuamini kazi ya misheni ni kwamba alimwamini Moolu.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mtu huyu alikuwa ameandika kitabu kizima kuuthibitisha ulimwengu wa roho kwa sheria za viumbe. Alipofika mahali ambapo hapana msomaji wala mpinzani, ushahidi uliomshinda haukuwa sheria yoyote, bali mwenendo wa kijana aliyesali katika lugha ambayo Drummond hakuielewa. Aliupokea ushahidi huo kwa unyofu. Hata hivyo hakuyafuata matokeo yake hadi mwisho.

Katika kitabu hicho hicho watu wa bara wanaelezwa kama wanadamu wa zama za mwanzo, nusu watoto, waliosalia chini wakati wengine wakipanda. Drummond aliuchukia utumwa, akauita ugonjwa wa moyo wa Afrika, na maneno yake juu ya misafara ya watumwa yana uchungu wa kweli. Lakini aliwahurumia watu bila kuwauliza kitu. Ngazi aliyowapangia hakuitengeneza mwenyewe. Tangu mwaka 1871, Darwin alipoandika juu ya asili ya mwanadamu na Edward Tylor juu ya utamaduni wa watu wa kale, ilikuwa desturi ya wasomi kuyapanga mataifa kama ngazi, kila taifa na kidato chake, na kidato cha juu kikiwa cha yule aliyeichora. Wenye imani na wenye shaka waligombana juu ya Adamu, juu ya Gharika, juu ya miujiza; juu ya ngazi hiyo wengi wao walipatana. Nyani haoni kundule. Elimu iliyojisifu kwamba haikubali neno bila ushahidi ililikubali neno hilo bila kulipima, kwa sababu lilimpendeza mpimaji.

Ushahidi ulikuwapo, wala haukuwa mbali na njia. Katika Unyiha, nchi ya Mbozi ya leo, mafundi walijenga matanuri marefu ya udongo, kupita kimo cha mtu, yenye matundu chini ya kuvutia hewa. Waliyajaza makaa na mawe ya chuma, na moto ukajivutia upepo wenyewe bila mivuo. Kisha chuma kile kikasafishwa katika tanuri dogo na kufuliwa majembe. Kazi hiyo yataka ujuzi wa mawe, wa kuni, wa joto na wa saa, ujuzi usiopatikana ila kwa kuangalia, kujaribu, kukosa na kujaribu tena. Pamoja nao zilikuwapo dawa na miiko iliyoilinda kazi. Fundi hakuona kwamba dawa zamzuia kuuchunguza moto, wala kwamba kuuchunguza moto kwazifuta dawa. Mtu aweza kuikubali namna yake au kuikataa, lakini hawezi kuiita akili ya mtoto. Suala lililowasumbua wasomi wa London, la jinsi mtu mmoja awezavyo kupima na kuabudu, lilikuwa limekwisha kupata jibu moja katika tanuri la Mnyiha.

Shaka la namna ya pili, yaani shaka la mgeni juu yake mwenyewe, lilichelewa kufika, tena likaja kwa upande mwingine. Wamoravian wa Kijerumani walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na Traugott Bachmann akafanya kazi huko hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuja na ukali wa mtu aliyejua kila kitu. Lakini alikaa miaka mingi, akajifunza Kinyiha, akaanza kutafsiri maandiko, na kila neno alilolitafuta lilimrudisha kwa wenyeji kuuliza. Polepole alianza kuyatilia shaka mengi aliyoamriwa kuyavunja katika mila, na hasa namna ya kuwapokea kanisani wenye wake wengi. Kumbukumbu zake alizipa jina lenye maana kwamba aliwakwaza watu wengi. Hakuipoteza imani yake. Alichopoteza ni ile dhana kwamba Mungu na Ulaya ni kitu kimoja. Kama Colenso kabla yake, alibadilishwa na kazi ya kutafsiri, maana mfasiri hana budi kumsikiliza mtu mwingine.

Drummond hakupata miaka hiyo. Alirudi kwao, akahadhiri mjini Boston mwaka 1893, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya kupanda kwa mwanadamu. Humo alisema kwamba mashindano ya kujitafutia riziki si habari yote ya viumbe. Kuna na juhudi ya kuwatafutia wengine, ianzayo kwa mama na mwanawe, na hiyo ndiyo chemchemi ya upendo. Mwaka 1895 wakali wa Kanisa Huru walitaka ashutumiwe, lakini mkutano mkuu ulikataa. Miaka 14 baada ya Robertson Smith, kanisa lilikuwa limejifunza uvumilivu. Alifariki mwaka 1897, akiwa na miaka 45.

Elimu aliyoipenda imeendelea kuisoma nchi ile. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi, kiliingia katika maandishi ya wataalamu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikijua kabla ya hapo. Mwaka 2017 ilitangazwa mifupa ya mnyama mkubwa wa kale, wa jamii ya dinosaria, aliyefukuliwa katika bonde la Rukwa. Jina lake ni Shingopana songwensis. Neno la kwanza ni Kiswahili kitupu. La pili latokana na Songwe. Katika orodha ya viumbe ambayo Darwin na Huxley waliitetea, lugha ya watu waliowekwa kidato cha chini imeingia bila kuomba radhi.

Mabishano ya zama za Victoria hayakuwa ya bure. Yaliwafundisha wengi kwamba ukweli hauna haja ya kulindwa dhidi ya maswali, na muumini mwenye haki hana sababu ya kuyaogopa. Kosa la wengi wao halikuwa kutia shaka kupita kiasi, bali kukoma mapema. Walikithubutu kitabu kitakatifu, wakaogopa kujithubutu wenyewe. Walikuwa tayari kuuliza kama Nuhu alikuwa na safina, lakini ni wachache waliouliza kama mpagazi aliyewabebea nyundo alikuwa na neno la kuwaambia. William Ngidi aliuliza akasikilizwa, na dola zima likatikisika. Moolu alipendwa akasifiwa, lakini hapana aandikaye kwamba Drummond alimwuliza alikuwa akisali nini.